Kijana wa kulea akitimiza miaka 18: aende wapi, na abaki na nani?

Swali: "Mimi ni mjane, naishi Kisauni, Mombasa. Mwaka 2014 afisa wa watoto aliniletea mtoto wa kiume wa miaka 6, na mahakama ikaniruhusu kumlea. Sasa amemaliza kidato cha nne kwa alama ya D+, na mwezi ujao anatimiza miaka 18. Afisa ameniambia kwamba kuanzia siku hiyo amri inakoma. Mwanangu mkubwa anataka kijana aondoke, kwa sababu nyumba ni ya baba yao na ndani mna mabinti wawili waliokwisha kubaleghe. Mtu mwema mmoja amejitolea kulipa kodi ya chumba huko Mtopanga kwa miezi mitatu. Je, nimwache aende? Na serikali haina mpango wowote wa makazi kwa vijana kama huyu?"

Jibu: Mama, nianze na jawabu kabla ya sababu zake. Usimwache aende mwezi ujao, na hiyo kodi ya miezi mitatu ipokee kwa masharti tofauti na hayo uliyopewa, nitayaeleza mwishoni. Hakuna sheria ya Kenya inayokutaka umtoe kijana nyumbani siku anapotimiza miaka 18, wala afisa wa watoto hana uwezo wa kukuamuru hivyo. Kinachokoma ni usimamizi wa mahakama na wa idara juu ya malezi hayo. Baada ya hapo mnabaki nyinyi wenyewe, watu wazima wawili, kukubaliana namna ya kuishi.

Kijana alipoletwa kwako ilikuwa ikitumika Sheria ya Watoto ya 2001, na tangu Julai 2022 tunatumia Sheria ya Watoto ya 2022. Zote mbili zinamhesabu mtoto kuwa mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na ndiyo maana faili la kijana wako litafungwa. Hata hivyo sheria imeacha mlango ambao walezi wachache huuliza habari zake: mahakama inaweza kurefusha jukumu la mzazi kupita siku hiyo, ikiridhika kwamba kuna hali ya pekee inayohusu ustawi wa kijana, na mara nyingi hali yenyewe huwa ni masomo ambayo hayajakamilika au ulemavu. Hapa kwetu mashauri ya watoto husikilizwa katika mahakama ya Tononoka, na ni afadhali ombi kama hilo lipelekwe mapema, wakati faili lingali wazi na afisa anayekujua yungali kazini. Sisemi kwamba kila mlezi anaihitaji amri hiyo, maana wengi huishi na vijana wao bila karatasi yoyote na hakuna anayewauliza. Ila nyumba ambayo ndugu wameanza kuvutana, kama yako, hupata utulivu kidogo pale ambapo kuna neno la hakimu.

Swali lako la pili lina jibu fupi lisilopendeza. Nchini Kenya hakuna posho ya kitaifa ya kodi kwa kijana anayetoka katika malezi, wala hakuna nyumba za serikali zilizotengewa vijana hao. Mkakati wa kitaifa wa marekebisho ya malezi ya watoto, uliowekwa kwa miaka 2022 hadi 2032, unahusu zaidi kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Fedha za mpango wa serikali wa Inua Jamii za mayatima, Sh2,000 kwa mwezi, hulipwa kaya inayomlea mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kama ulikuwa ukizipokea kwa ajili yake, jiandae kuzikosa. Na hayo majengo ya nyumba nafuu yanayoonekana mjini, yasikuzuzue. Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024 imetaja nyumba za jamii kwa wenye kipato kisichofika Sh20,000 kwa mwezi, lakini huo ni utaratibu wa kununua nyumba kwa kuweka amana na kulipa kila mwezi kwa miaka mingi, na kijana asiye na mshahara hana pa kuanzia.

Nchi zenye fedha zimefanyaje? Uingereza, kwa sheria ya 2014, halmashauri hutakiwa kumsaidia kijana aendelee kukaa kwa mlezi wake hadi miaka 21, ikiwa yeye na mlezi wanataka, na sheria nyingine ya 2017 ikampa haki ya kuwa na mshauri wake maalumu hadi miaka 25. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 inayoyawezesha majimbo kupata fedha za serikali kuu kwa ajili ya kurefusha malezi hadi miaka 21. Sikutajii haya ili uone wivu. Ninachotaka ukitazame ni hiki: hata wale wanaoweza kumlipia kijana chumba, wameona jambo la kwanza la kulipia ni yeye kubaki pale pale alipo, kwa mtu anayemjua.

Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mjini Mombasa kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona likirudiwa ni la mpangilio. Watu huanza na chumba. Chumba kinaonekana kwa macho, kinapigwa picha, mfadhili anaridhika. Karatasi huachwa hadi baadaye, na watu wa kumshika mkono kijana hudhaniwa kuwa watajitokeza wenyewe. Kwa maoni yangu mpangilio wa haki ni kinyume chake: karatasi zitangulie, watu wafuate, chumba kije mwisho.

Hukusema kama kijana ana cheti cha kuzaliwa. Kama hana, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii, si ya mwezi ujao. Afisa wa watoto anaweza kukuandikia barua ya kuunga mkono usajili wa kuchelewa, na barua hiyo ni rahisi zaidi kuipata sasa kuliko baada ya faili kufungwa na kupelekwa stoo. Kama aliokotwa na wazazi wake hawajulikani, Katiba ya 2010 inamhesabu mtoto aliyekutwa nchini, ambaye anaonekana hajafika miaka 8 na ambaye uraia wake na wazazi wake havijulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Ukiulizwa na karani "Baba yake ni nani?", usibabaike na usimpachike baba wa kubuni; toa amri ya mahakama, toa barua ya afisa, na useme ukweli. Nimewaona walezi wakiandika jina la marehemu mume wao ili shughuli iishe haraka, kisha miaka mitano baadaye kijana anakwama kwa sababu karatasi zake hazikubaliani.

Cheti kikipatikana, kijana aombe kitambulisho cha taifa mara tu anapotimiza miaka. Aende na cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama, barua ya chifu na cheti chake cha shule, na uandamane naye, kwa sababu atatakiwa kuonyesha wazazi na mahali pa wazazi utasimama wewe na karatasi zako. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hawezi kuwa na M-Pesa yake. Hawezi kuomba mkopo wa masomo wa serikali, HELB. Mwenye nyumba anayejiheshimu hatampa ufunguo. Na akikutwa barabarani usiku hana la kuwaonyesha askari. Hoteli na kampuni za bandarini nazo hutaka cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho hulipiwa Sh1,050 na huanzia kwenye kitambulisho hicho hicho.

Kuna karatasi nyingine ambazo walezi huzisahau. Faili la kijana katika ofisi ya watoto lina historia yake: alikotoka, nani alimleta, kama ana ndugu, chanjo, maradhi, ripoti za shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Ombeni nakala kwa maandishi mkiwa pamoja, na mziweke katika bahasha isiyoingia maji. Siku atakapotaka kuoa na kuulizwa kwao ni wapi, hiyo bahasha itamfaa.

Sasa nije kwa mwanao mkubwa, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye uzito kuliko chumba. Amesema mambo mawili kwa pamoja, na yanafaa kutenganishwa.

La kwanza ni nyumba ya baba. Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna hofu ya urithi ambayo hakuna anayethubutu kuitamka. Kama nyinyi ni Waislamu, mtoto wa kulea harithi kwa nasaba, na lolote mtu atakalomwachia litakuwa kwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Kwa hiyo kuwepo kwa kijana uani hakumpunguzii mwanao chochote. Kama si Waislamu, Sheria ya Urithi inamtambua kuwa mtegemezi mtoto ambaye marehemu alimchukua katika familia yake kama wake, na hapo mambo yanategemea kama mumeo alikuwa hai na alimlea hivyo. Kwa vyovyote vile, kukaa ndani ya nyumba na kurithi nyumba ni mambo mawili, na anayefaa kumweleza mwanao hayo ni mjomba wake au mzee mwingine anayemstahi. Wewe ni mama, ukisema utaonekana unapendelea.

La pili ni mabinti, na hili silipuuzi hata kidogo. Kijana ambaye si maharimu wao, yaani si jamaa wa karibu asiyeweza kuwaoa, naye amekwisha kubaleghe, kulala chumba kinachopakana ukuta na chao ni jambo ambalo majirani wa Kisauni hulitazama, na mabinti wenyewe huenda wanaona haya kulisema. Lakini Pwani tuna jawabu la zamani kwa hili, tena si kwa watoto wa kulea peke yao. Watoto wa kiume wa nyumba nyingi hapa, wa kuzaa na wa kulea, wakifika umri fulani hupewa chumba cha nje: chumba cha uani chenye mlango wake, au kibanda cha mabati kando ya nyumba. Kijana hulala huko, chakula hula kwa mama, na anabisha hodi kabla ya kuingia ndani. Kama una uani, jenga hicho. Hata kama kiwanja si chenu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mji huu ambazo jengo ni la mtu na ardhi ni ya mwingine, kibanda cha futi 10 kwa 10 bado kinawezekana, ila mjulishe mwenye ardhi kwanza.

Huenda unajiuliza kwa nini nasita hivi kuhusu Mtopanga. Nikueleze kisa kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilimuaga kijana wa miaka 18 kwa sherehe. Alipewa godoro, sufuria mbili, jiko la mafuta, kodi ya miezi mitatu, na picha ikapigwa mlangoni. Nilikwenda kumtembelea wiki ya tatu. Godoro lilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya plastiki, na alikuwa akilala juu yake hivyo hivyo, jasho likimtoka, kwa sababu huko kituoni vitu vipya havifunguliwi mpaka mkubwa aseme. Jiko halikuwa limewashwa. Alikuwa hajawahi kununua mafuta ya taa maishani mwake, hakujua kama huuzwa kwa chupa au kwa kipimo, na aliona aibu kumwuliza mtu wa chumba cha pili. Alikuwa akila viazi karai asubuhi na mikate jioni, na fedha za matumizi ya mwezi zilikwisha siku ya 12. Kijana yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameamshwa kwa kengele, akalishwa kwa kengele na kulazwa kwa kengele kwa miaka 11. Mwezi wa nne mwenye nyumba alifunga chumba kwa kufuli lake, na godoro likauzwa maskani.

Wako amekulia nyumbani, na hiyo ni faida kubwa kuliko anavyojua. Ameona ukigombana na muuza maji, ameona ukikopa unga dukani na kulipa. Hata hivyo kuona na kufanya ni vitu viwili, na mwaka huu mmoja wa chumba cha nje ndio mahali pa kumzoesha. Mpe jukumu la kununua tokeni za umeme za nyumba nzima. Apike siku mbili kwa wiki, na asipike chapati tu. Akianza kupata kibarua, atoe kiasi fulani kila mwezi, hata Sh500, ukiiandika kwenye daftari. Kama huna shida sana, zitunze hizo Sh500 bila kumwambia, zije kuwa amana yake ya chumba. (Mama mmoja wa Likoni aliniambia kwamba alifanya hivyo miezi 14, na siku alipomkabidhi kijana bahasha, kijana alikasirika kwanza, akidhani alikuwa akidanganywa. Basi pengine mwambie mapema.)

Siku ya kuhama itafika, na lazima ifike. Itakapofika, nina upendeleo wangu ambao wenzangu wa ofisini huucheka: usimtafutie chumba katika ghorofa jipya lenye lango na mlinzi, bali katika nyumba ya Kiswahili. Unaijua: mlango mkubwa mbele, ushoroba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma penye choo, bafu na mahali pa kuanikia. Mara nyingi mwenye nyumba ni bibi anayekaa chumba cha mbele na anajua nani ametoka saa ngapi. Kwa kijana mwenye miaka 19 huo ni usumbufu, lakini ndiyo sababu yenyewe ya kuichagua. Katika nyumba kama hiyo mtu hawezi kuumwa siku tatu bila jirani kumgongea mlango, na jiko lake lisipowashwa siku mbili atatokea mtu wa kumwuliza, "We mwanangu, umekula?" Ghorofani anaweza kulala na homa wiki nzima, na wa kwanza kumtafuta akawa ni dalali anayedai kodi.

Kabla ya kulipa, keti naye mpige hesabu ya mwezi kwa kalamu. Tuseme kodi ni Sh3,500. Maji ni hesabu ya pili ambayo vijana huisahau: katika mitaa mingi ya Kisauni maji ya kisima ni ya chumvi, yanafaa kufulia na kuogea, na maji matamu ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa mtungi, na bei hupanda mifereji ikikauka. Umeme katika nyumba yenye mita moja hugawanywa kwa ugomvi. Ulizeni mapema hugawanywa vipi na kama pasi inaruhusiwa. Ongezeni nauli, ongezeni chakula, ongezeni Sh300 za bima ya afya ya SHA, ambazo ndizo mchango mdogo kabisa wa mwezi, ingawa asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600. Jumla ikizidi anachopata, bado wakati haujafika. Likoni huonekana rahisi na kivuko hakimtozi aendaye kwa miguu, lakini kama kazi iko Nyali, anayesubiri feri na kuunganisha matatu mbili atalipa hiyo tofauti kwa muda na nauli.

Angalieni pia mwezi wa kuhama. Kazi nyingi za vijana wetu hufuata watalii. Desemba hoteli za Bamburi na Shanzu huita vibarua. Pasaka ikipita wageni hupungua, mvua za masika huingia, na vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Kijana aliyepata kazi mwezi wa 12 akahama mwezi wa 3 atakutana na njaa mwezi wa 5. Mimi humwambia kila mlezi: apite masika moja akiwa kwako na kazi yake, ndipo mzungumze habari za ufunguo.

Risiti za kodi azihifadhi, hata zikiwa ni ujumbe wa M-Pesa. Kuna sheria ya zamani ya kodi za nyumba inayomlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, asitolewe bila amri ya baraza la kodi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati, lakini vyumba vya bei hiyo bado vipo katika baadhi ya mitaa, na anayekaa humo ajue kwamba kufuli ya mwenye nyumba si hukumu.

Kuhusu masomo nitakwenda haraka, maana njia zake zinajulikana zaidi. Alama ya D+ inamruhusu kusomea cheti katika vyuo vya ufundi, na hapa mjini ipo Kenya Coast National Polytechnic yenye umeme, makanika, upishi na mengineyo. Aombe nafasi kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi vyuo, kisha mkopo wa HELB, na wakati huo huo apeleke maombi ya basari katika ofisi ya mfuko wa NG-CDF wa eneobunge la Kisauni na katika kaunti. Katika kila fomu aambatishe nakala ya amri ya mahakama. Kamati husoma "yatima" kila siku, lakini amri yenye muhuri huwafanya wasimame. Kama hapendi darasa, Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, huchukua wenye miaka 18 hadi 24 na huwapa malazi na chakula wakati wa mafunzo, na kwa kijana aliye katika hali yake malazi hayo ni nusu ya msaada. Mradi wa serikali wa NYOTA huwapa mitaji ya biashara, jumla ya Sh50,000 kwa awamu mbili, vijana wa miaka 18 hadi 29 wanaochaguliwa. Mikopo ya simu, ukiwemo Mfuko wa Hustler, naomba asiiguse kwa ajili ya kodi. Mkopo wa siku 14 hauwezi kulipa deni linalorudi kila mwezi.

Wale watu wa kumshika mkono niliowataja, usidhani ni wewe peke yako. Umri unakwenda, na kijana akikutegemea wewe tu, siku ukilazwa hospitali atakuwa amebaki tupu. Natamani awe na watu wazima watatu wanaojua kwamba wamechaguliwa. Wa kwanza ni wewe. Wa pili awe fundi au mwajiri, mtu wa kazi, anayeweza kumsemea mahali. Wa tatu awe mtu wa msikitini au kanisani, kocha wa mpira, mwalimu wake wa zamani, yeyote ambaye kijana mwenyewe humwendea bila kutumwa. Wataje kwa majina, zungumza nao uso kwa uso, na umwulize kila mmoja jambo moja lililo wazi: akikupigia saa sita za usiku utapokea? Atakayesita, mshukuru na utafute mwingine. Kama kuna jamaa wa damu wanaojulikana katika faili, huu pia ndio wakati wa kuwatafuta, taratibu na kupitia kwa afisa, kwa sababu kijana huru mara nyingi huwatafuta mwenyewe, na ni vizuri asiende peke yake mara ya kwanza.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimeona analotaka mwanao, analotaka mfadhili na alilosema afisa, lakini sikuona popote kijana mwenyewe anataka nini. Huenda anatamani huo mlango wa Mtopanga kwa miezi sasa na anaona haya kukwambia. Huenda pia amesikia mazungumzo ya ukumbini akiwa uani, na ameshaanza kufunga nguo zake kimya kimya. Mwulize leo, kabla hujakwenda kwa chifu, tena mkiwa wawili tu.

Na yule mfadhili usimkatalie. Mwambie kwamba kodi kamili ya miezi mitatu humzoesha kijana kulala bila kulipa, kisha humwachia mzigo wote siku moja. Fedha zile zile zilipe nusu ya kodi kwa miezi sita, kuanzia mwezi ambao kijana ataonyesha kwamba nusu nyingine anayo mkononi. Akikubali, muandikiane, na fedha zikae kwa huyo mtu wa tatu wa kijana, zisikae kwako wala kwa mwanao.